Maswali Yenu: Kitatange Wadogo, Karantini na Kugoma Kula

Habari zenu wapenzi wa akwariamu. Safari hii karibu barua zote zilizoingia toka Arusha na Moshi zinamuhusu samaki mmoja, yule kitatange mdogo wa maji chumvi, dwafu enjo kama wengi mnavyomuita, na karibu zote zinalia kitu kilekile: kafika mzima, kawekwa karantini (tangi la pembeni la kumtenga samaki mgeni), hajala, kafa. Nimechukua barua tano. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu kwasababu ndo zenye kiini cha tatizo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Njiro, Arusha. Mwezi uliopita niliagiza kitatange wadogo wawili aina ya korali byuti toka Dar wakaja na basi. Nilifata ushauri wa karantini vizuri kabisa, tangi la pembeni la lita 60, sponji ya kuchuja maji, hita, na dawa ya shaba ya kuua vimelea niliweka siku hiyohiyo waliyofika, dozi kamili ili nisichelewe. Hawakula chochote. Siku ya nne mmoja akafa, siku ya sita wa pili. Amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, nilipima ilikua safi. Watu wanasema karantini inaokoa, mi naona imeniulia samaki. Nilikosea wapi? – Baba wa watoto wawili, Njiro

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana, naijua ile hali ya kuamka asubuhi unawasha taa unakuta samaki kalala chini ya tangi. Kwa ninavyosoma barua yako kilichowaua ni shaba juu ya tumbo tupu.

Angalia maisha ya huyu samaki. Korali byuti, Centropyge bispinosa, baharini hana saa ya kula na saa ya kupumzika, toka jua linachomoza mpaka linazama yeye anadonoa tu, mwani mdogo juu ya mwamba, vijisifongo, uchafu laini uliotulia kwenye matumbawe, anadonoa anasogea anadonoa tena. Hana akiba mwilini kama samaki anayemeza windo zima akatulia siku mbili. Sasa huyu kavuliwa, kakaa kwenye ndoo ya mvuvi, kakaa kwa dalali, muuzaji kamuacha na njaa kabla ya safari kusudi asichafue maji ya mfuko (na hapo muuzaji hajakosea, ndivyo inavyotakiwa), halafu kakaa kwenye giza la kuluboksi toka Dar mpaka Njiro. Anakufikia ana siku kadhaa hajatia kitu mdomoni. Shaba nayo inakata hamu ya kula, na kitatange wadogo ni katika samaki wanaoisikia vibaya zaidi. Ukimwaga dozi kamili siku ya kwanza unakua umemfungia mlango wa chakula kabla hajajua hata upo wapi.

Mimi nilimpoteza fleimu enjo kwa njia hiyohiyo, yule mwekundu wa Pasifiki mwenye mistari myeusi, nilimsubiri miezi nikampoteza ndani ya wiki moja. Tangu hapo nina sheria moja kwenye tangi langu, hakuna dawa mpaka nimuone samaki anakula mara 3 kwa siku kwa siku 3 mfululizo. Kuna anayefika hapo siku ya tano, kuna anayefika siku ya kumi na mbili, nasubiri. Siku zile za mwanzo taa nazima kabisa nabaki na mwanga wa dirisha tu, vipande vya paipu ya plambingi vinne au vitano vya ukubwa tofauti nalaza chini ajifiche, pembeni tatu za kioo nabandika gazeti au mfuko mweusi asione watu wakipita. Watoto nawaambia kabisa huku hakuna kugonga kioo.

Kuna hali moja tu inayovunja hiyo sheria. Ukiona samaki anahema haraka kama katoka mbio, amekaa mbele ya mkondo wa pampu haondoki, na ukimulika tochi kwa ubavu unaona vumbi la dhahabu kwenye ngozi, hiyo ni veliveti, Amyloodinium, inaua ndani ya siku chache na hapo husubiri chakula, unatibu leoleo.

Turudi kwenye mfuko maana wengi wanamalizia samaki hapohapo. Samaki akiwa ndani ya mfuko uliofungwa anapumua, kaboni dayoksaidi inajaa, pH ya maji (kipimo cha uchachu) inashuka, na amonia aliyoitoa njiani kwa pH hiyo ya chini inakua haina makali sana. Ukifungua mfuko ile hewa inatoka, pH inapanda, na ileile amonia inageuka sumu kali samaki akiwa bado yumo ndani. Kwahiyo ule utaratibu wa kudondoshea maji tone kwa tone kwa saa zima, kwa samaki aliyesafiri masaa kumi na zaidi, unamuweka kwenye sumu. Cha kufanya mpigie muuzaji simu muulize chumvi yake ipo ngapi, tuseme 1.021 (uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi), halafu andaa tangi la karantini liwe 1.021 hiyohiyo. Mfuko ukifika uelee juu ya maji ukiwa umefungwa, dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, fungua, mtoe na kikombe cha plastiki mpeleke moja kwa moja, maji ya mfuko yamwage. Chumvi utaipandisha taratibu siku zinazofata mpaka 1.025. Na nasema kikombe kwasababu kitatange wote wana mwiba kwenye shavu, chini ya jicho hapo kwenye kifuniko cha mashavu, huo mwiba unanasa kwenye nyavu na ukimvuta kwa nguvu unamchana. Ndo alama nzuri pia ya kumtofautisha na samaki kipepeo, kipepeo hana mwiba huo.

Kitu kingine ambacho watu wa huku juu tunakisahau ni hewa yenyewe. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yaleyale yenye joto lilelile yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar au Tanga. Hata mfuko wenyewe utauona, umefungwa pwani ukiwa umelegea kidogo unafika Njiro umevimba umekaza kama mpira. Kwahiyo tangi la lita 60 ambalo mtu wa pwani analiendesha na sponji moja, wewe weka mbili, na pampu ya hewa iwe na nguvu, na pembeni uwe na pampu ndogo ya betri, umeme ukikatika usiku samaki wa karantini ndo wa kwanza kukosa hewa.

Sasa shaba. Akishakula ndo unaanza, na unapanda polepole. Kwa shaba ya kufungwa (ile isiyopotea haraka kwenye maji) lengo ni miligramu 2 mpaka 2.5 kwa lita, nafika hapo kwa siku 5 mpaka 7, kila siku napima na kila siku naangalia anavyokula. Siku akianza kutema chakula nasimama hapo nilipo, siongezi mpaka arudi kula. Shaba ya kawaida isiyofungwa lengo lake ni dogo sana, kama miligramu 0.2 kwa lita, na inachezacheza mno, kwa hawa samaki mimi siipendi. Ukifika kiwango unashikilia siku 30. Au unashikilia siku 14 halafu unamhamishia kwenye tangi lingine safi kabisa lisilogusana na lile la kwanza kwa kitu chochote, hata ndoo, hata mkono wenye maji. Wakati shaba ipo ndani usiweke zile dawa za kuzima amonia, zikikutana na shaba zinaifanya kali zaidi, amonia ikipanda badilisha maji, na maji mapya uyawekee shaba ya kiwango kilekile kabla hujayamimina. Makaa ya filta toa, yananyonya dawa. Na shaba kamwe isiguse tangi kuu lenye matumbawe, kamba na konokono, hao wote inawaua, na mawe yakishainyonya ni kazi kuitoa.

SWALI: Habari za kazi mwalimu, mimi ni mama wa hapa Majengo, Moshi. Mwanangu aliniletea kitatange mdogo wa Tanga, yule wa mgongo wa njano kama chungwa na mwili wa bluu. Nimemuweka karantini kama ulivofundisha, sijaweka dawa. Leo siku ya nane. Flekisi, vile vyakula vya vipande vyembamba, hali, zinapita mbele ya macho hata hageuki, punje za dukani hali, ila namuona anadonoa donoa bomba na kioo. Tumbo limeanza kuingia ndani. Namuonea huruma jamani. Nimpe nini? – Mama wa Majengo

JIBU: Nzuri mama, na asante kwa kumuangalia kwa makini hivyo, maana neno moja kwenye barua yako limenipa moyo: anadonoa. Samaki anayedonoa bomba tupu ana hamu ya kula, anachokosa ni kukiona chakula kama chakula. Huyo wako ni Centropyge acanthops, mkubwa kabisa ana sentimita 8, anaishi pwani yetu hii toka Somalia mpaka Afrika Kusini kwenye vifusi vya matumbawe, na huko hakuna chakula kinachoanguka toka juu kama mvua. Chakula chake kimeshika kwenye jiwe. Kwahiyo na wewe mshikizie.

Leo hii anza na kome au kombe. Agiza kwa wanaoleta samaki wa baharini na barafu, au wa kugandishwa, aliyegandishwa siku kadhaa ni salama zaidi. Mpasue, acha nyama ikiwa imeshika kwenye ganda lake, suuza, laza ganda chini karibu na bomba analojificha, nyama ikiangalia juu, halafu ondoka. Toka kabisa chumbani. Nimeona kitatange aliyegoma siku tisa akizunguka ganda la kombe mara ya kwanza, mara ya pili, anasimama ubavu kaliangalia kwa jicho moja, anadonoa mara moja anakimbia ndani ya bomba, baada ya dakika kama kumi karudi akang'ang'ania ile nyama anaivuta kwa kichwa mpaka ganda linatikisika. Ile mara ya kwanza ndo ngumu. Baada ya masaa mawili matatu toa ganda, likikaa linachafua maji.

Wakati huohuo tengeneza ndoo ya vigae. Hii inachukua wiki kadhaa kwahiyo ianze leo hata kama huyu atakua ameshakula, itakusaidia miezi yote. Chukua vipande vya marumaru vilivyobaki kwa mafundi, visivyo na saruji wala rangi, vioshe, vipange kwenye ndoo nyeupe yenye maji chumvi, upande wa nyuma ule wenye kukwaruza uangalie juu, pampu ndogo ya hewa, weka barazani panapopata jua la asubuhi. Humo usiweke samaki hata mmoja, ndoo isiyo na samaki haina vimelea vya samaki. Fidia maji yanayokauka kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ndani ya wiki 3 au 4 mgongo wa marumaru unapata utando wa kahawia halafu kijani, laini, ukipitisha kidole unateleza. Huo ndo ugali wa kitatange. Kila siku mbili ingiza kigae kimoja karantini, kile alichokimaliza kirudishe kwenye ndoo nyingine ya pembeni, usikirudishe kwenye ileile safi.

Halafu kuna mchanganyiko wa jikoni, na wewe kama mama unayepika hautakushinda. Kamba wabichi wa kugandishwa kama gramu 200 waliomenywa, ngisi gramu 100, mwani mkavu wa karatasi usio na viungo wala mafuta karatasi 4, spirulina ya unga kijiko kimoja cha chai. Spirulina ni jamii ya kile kijani wanachokula heroe wadogo kule Ziwa Natron, kwahiyo sio kitu cha ajabu kwetu. Saga vyote kwenye blenda lakini usisage mpaka iwe uji, bakisha chembechembe. Yeyusha jelatini isiyo na ladha kwenye maji ya moto kidogo, changanya ikiwa imepoa kiasi, mimina kwenye mfuko wa plastiki, lainisha kwa mkono iwe bapa kama chapati nyembamba, gandisha. Unavunja kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Na hapa ndo ujanja, usikitupe kwenye maji, kipake kwenye mgongo wa kigae au ndani ya mdomo wa bomba lake, kikandamize kishike, halafu zamisha. Atadonoa pale anapodonoa siku zote na safari hii atakuta kitu. Usiweke nyama ya ng'ombe wala kuku, mafuta ya wanyama wa nchi kavu hayamfai samaki wa baharini.

Artemia hai, vile vijidudu vidogo jamii ya kamba, nazo zinaamsha samaki aliyelala. Chupa ya maji ya lita 1.5 kata kitako, igeuze mdomo chini, maji lita 1 na chumvi gramu 25 hivi, nusu kijiko cha mayai, mpira wa hewa ufike mpaka chini, taa juu yake. Kwa joto la 27 wanatoka ndani ya masaa 24 mpaka 36, ila miezi ya Juni na Julai hata Moshi usiku unapoa, iweke chupa ndani ya beseni lenye hita au utasubiri siku tatu. Zima hewa dakika kumi, maganda yanaelea juu, watoto wanashuka chini, nyonya wale wa chini tu, wasuuze kwenye kitambaa. Wape wakiwa wametoka tu, wakikaa siku nzima wanapoteza ule utamu wa kiini cha yai.

Akishaanza kula mpe kidogo kidogo mara 4 au 5 kwa siku, mabaki yanyonye na mpira wa hewa baada ya dakika 20. Pima amonia kila siku maana kulisha mara nyingi ni kuchafua mara nyingi. Na mama, usiangalie tumbo peke yake. Muangalie ukiwa juu, pale nyuma ya macho kwenye mgongo. Pakiwa pamejaa bado ana nguvu. Pakianza kuwa na bonde kila upande wa uti, amekula misuli yake mwenyewe, na huyo anatakiwa kulishwa kila masaa mawili ya mchana bila kukosa. Niandikie tena wiki ijayo uniambie, nitafurahi sana kujua.

SWALI: Mambo vipi mwalimu, mi ni mwanafunzi niko Sakina Arusha, nna tangi moja la lita 150 na bajeti ndogo sana. Kweli lazima karantini kwa samaki mmoja tu wa ziada? Alafu maji ya bomba ya huku naskia yana floridi, nikichemsha si inatosha? – Mwanafunzi, Sakina

JIBU: Poa mdogo wangu. Ndio lazima, na nakwambia hivi kwasababu una bajeti ndogo, tangi likishaingia ugonjwa huwezi kulitibu lenyewe utaanza kila kitu upya. Karantini haihitaji kioo cha maana. Beseni au kontena la plastiki la kuwekea chakula la lita 50 mpaka 60, lenye mfuniko maana hawa wanaruka, hita, sponji na pampu ya hewa, mabomba ya plambingi ya vipande ambayo fundi anayatupa. Mchanga usiweke. Sponji itangulize kwenye tangi lako kuu wiki 4 kabla ijae bakteria wanaosafisha maji, hiyo ndo gharama yako kubwa na ni ya muda tu. Kaa nae wiki 4 kwa uchache, mimi nakaa 6.

Kuhusu floridi, kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua na floridi inabaki kwahiyo unakua umeizidisha. Maji ya maeneo mengi ya Mlima Meru yana floridi itokayo kwenye miamba, meno ya kahawia ya wenyeji ndo ushahidi wake. Tumia maji yaliyopita kwenye RO (mtambo wa kuchuja maji kwa utando), au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya mwanzo kusafisha paa. Lita 60 zinataka chumvi ya akwariamu kama kilo 2.2, pima na rifraktomita, yaani kipima chumvi, ufike 1.025. Chumvi ya jikoni hapana, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Kama una ndugu Tanga anaweza kukujazia madumu ya maji ya bahari lakini ayateke mbali na bandari na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa.

SWALI: Mwalimu nisaidie haraka. Usa River. Nilimtia kitatange moja kwa moja tangi kuu bila karantini, baada ya siku 10 ana vidoti vyeupe kama chumvi kwenye mapezi, na leo samaki wengine wawili wanavyo. Jana vilipungua nikafurahi, leo vimerudi vingi. – Fundi umeme, Usa River

JIBU: Vimepungua kwasababu vimeshuka chini kuzaana, hiyo ndo tabia ya Cryptocaryon, yaani iki ya baharini. Kimelea kinakaa kwenye ngozi siku kadhaa, kinaanguka, kinajifungia kwenye mchanga na mawe, kinagawanyika, halafu mamia yanatoka kutafuta samaki. Kwahiyo siku ya afueni sio ya kufurahi. Toa samaki WOTE, hata wale wasio na doti, waende karantini, na tangi kuu liache bila samaki siku 76, joto kama 27, matumbawe na konokono vibaki humo na uendelee kuwalisha. Bila samaki kimelea kinakosa pa kukaa kinaisha.

Kama hao wengine ni wagumu wanakula vizuri shaba itawafaa. Kitatange kama anakula anza nae polepole kama nilivyomwambia wa Njiro. Kama amegoma kula, kwa iki pekee kuna njia isiyo na dawa kabisa: matangi mawili madogo au makontena mawili, kila baada ya masaa 72 unamhamisha toka moja kwenda lingine safi, lile la kwanza unaliosha unalikausha kabisa na kila kilichomo, unarudia mpaka amehama mara 4. Vimelea vinadondoka na kuachwa nyuma kabla havijapata muda wa kumrudia. Ni kazi, siku 12 za kubeba maji, lakini samaki huwa anaendelea kula. Haifanyi kazi kwa veliveti kwahiyo kwanza hakikisha unachokiona ni chumvi yenye punje zinazohesabika na sio vumbi.

SWALI: Nataka jozi ya hao kitatange wadogo wa Tanga, rafiki yangu anazamia anasema atanishikia mwenyewe. Watapigana? – Rau, Moshi

JIBU: Wanaanza maisha wote wakiwa majike, mkubwa na mbabe ndo anageuka dume. Kwahiyo chukua mmoja mkubwa na mmoja mdogo kabisa, wawekwe pamoja siku moja kwenye tangi la lita 200 au zaidi lenye mawe mengi ya kujificha. Wawili wakubwa wa saizi moja usijaribu, wakiwa wameshageuka madume watauana.

Kuhusu rafiki yako, mwambie kwanza aende ofisi ya uvuvi ya wilaya aulize kibali, na ndani ya hifadhi kama ya Mafia iliyotangazwa mwaka 1995 au ya Silikanti Tanga ya mwaka 2009 asiguse samaki wala jiwe. Na akishakua na kibali kuna jambo moja la kumsisitizia, huyu samaki anaishi kuanzia mita 8 hivi kushuka mpaka 40, akimpandisha haraka kibofu cha hewa kinavimba tumboni. Ampandishe kwa kusimama njiani. Akikuletea samaki anayeogelea mkia juu kichwa chini, anayehangaika kushuka na akiacha kupiga mapezi anaelea, huyo kaumizwa na kupandishwa, usimpakie kwenye basi la kuja Moshi, abaki pwani kwenye maji tulivu mpaka anyooke na aanze kula hukohuko.